Upo, Kaka Deo?

Kaka Deo,

Nakuandikia kukuomba ruhusa ya kulitaja jina lako hadharani. Alhamisi hii kamati ya afya ya kata inakutana hapa Viwanja Sitini, nami, mhitimu wa ustawi wa jamii, nimepewa nafasi ya kueleza kwa nini methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuacha unga wa heroini, isogezwe karibu na watu wa bonde hili. Hotuba nimeiandaa kwa uangalifu mkubwa. Kinachokosekana ndani yake ni wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiamia ndege kule Kisawasawa? Wewe ulikaa dungu la upande wa milimani, mimi la upande wa mtoni, na katikati yetu mpunga ulioanza kuinama. Ulikuwa ukiita, "Upo?" nami naitika, "Nipo!" ili ujue sijasinzia. Nikichelewa, donge la udongo kutoka kwenye teo lako lilitua karibu nami. "Msomi, amka! Hawa ndege hawajui kama una mtihani!" Dungu lako liliangushwa na masika, kaka. Mama amekataa nguzo zake zisifanywe kuni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilikusindikiza kliniki. Unga ulikuwa umekukondesha, lakini macho yako yalikuwa yamerudi. Ulikunywa methadoni kwenye dirisha la dawa, mbele ya muuguzi, naye akakutaka useme neno, ahakikishe umemeza. Wenzako kwenye foleni walisema "asante" au "tuonane kesho." Wewe ulinigeukia ukasema, "Nipo." Nilicheka hadi muuguzi akauliza, "Na huyu naye vipi?" Asubuhi zile, tukitoka pale kwenda kunywa chai na chapati, nazipenda kuliko siku ya mahafali yangu.

Kisha ukakamatwa kijiweni. Mahabusu hukuipata dawa. Ulipoachiwa ulirudi huku bondeni, ambako dirisha kama lile halikuwepo, ukatumia unga kwa kiasi kilekile cha zamani. Mwili haukukiweza tena. Jambo hilo naweza kulieleza kitaalamu, tena vizuri. Nikifika mwisho tu, naikunja karatasi.

Baba mdogo alinishauri, "Gauda, sema kijana mmoja, inatosha. Ukoo usiuanike." Nami nikaandika hivyo. Jana, Baba mdogo akiwapo, nilimsomea Mama hotuba, naye akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Kijana mmoja mimi simjui. Niliyemzaa ni Deo. Mtaje."

Baba mdogo akaomba maji ya kunywa.

Basi nimelirudisha jina lako. Nakuahidi nitalitamka lote, na sitaketi kabla sijaeleza habari ya mahabusu. Pumzika kwa amani, kaka yangu. Majibu ya kamati, yawe yoyote, tutakuletea kaburini mimi na Mama. Nitaita "Upo?" kama ulivyokuwa ukiita zamani, na Mama amesema ataitika yeye badala yako. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ndege wakianza kuyaacha mashamba.

Mdogo wako,
Gaudensia