Gari Litakalombeba Rehema Kuvuka Korongo

Ihumwa, Dodoma

Mdogo wangu Tabu,

Marahaba. Najua hujamaliza kufungua bahasha umeshasema shikamoo, na mimi nimeshaitikia. Mguu wako unaendeleaje, ule unaovimba ukikaa sana? Uwele umeuvuna au ndege wamekuwahi? Mimi mzima. Upepo wa huku unatupiga vumbi la macho asubuhi na jioni, ila mwili wangu ni ule ule. Vijana wa hapa bohari ninapolinda nikiwapa mkono wanalalamikia vidole.

Nimeandika mwenyewe, usicheke herufi. Simu sitaki, maana mtandao kwenu unashika kibarazani kwa Zakaria tu, na maneno haya yanamhusu yeye. Barua nimempa mchuuzi wa mbuzi anayekuja mnadani Chemba, akupe mkononi.

Nimesikia umemwomba Zakaria pikapu yake imbebe mwanao Rehema siku ya harusi, kuvuka korongo mpaka ukweni. Tabu, umesahau? Siku ya kumzika mama nilishuka basi nikaingia lile korongo kwa miguu, mchanga unameza kiatu. Zakaria akaja nyuma yangu na pikapu tupu. Nikapunga mkono. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mzee Petro, siti zangu mpya hizi, na wewe una vumbi." Akaenda zake. Nilipofika kaburi limeshafukiwa. Mimi kifungua mimba wa mama yetu, udongo wa kwanza akautupa mtu mwingine. Wewe ulilia, machungu yakakutoka. Mimi sikulia, kwa hiyo bado ninayo.

Sasa sikia. Nina gari. Dogo, fupi, lakini magurudumu yote manne yanavuta. Lilikuwa limelala nyuma ya bohari kuku wakitaga ndani, tajiri wangu akaniambia ukiliamsha ni lako. Nililiamsha kwa siku nne. Mafundi wawili walishashindwa kabla yangu.

Nikaenda mjini kwa mzee mmoja Mhindi, Jiwan, anauza matairi tangu sijaota mvi. Nikamwambia nipe matairi makubwa kuliko yote, yale yenye meno ya mamba, na springi ndefu za kuliinua. Nataka Zakaria akiniona aangalie juu. Akaniuliza, "Umeshawahi kuendesha gari la namna hii porini?" Nikamwambia mimi nilikuwa taniboi wa lori, kisha dereva, Kondoa yote wananijua. Akasema, "Basi kwa hili gari wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi anaanza na tairi la wastani, kamba na pampu. Unataka tairi la kwendea au la kupigia picha?" Nikasema nataka lile pale. Akasema meno makubwa ni jembe, kwenye matope yanashika, kwenye mchanga yanachimba. Nikasema funga.

Yakafungwa. Yakawa yanakwangua bodi nikikata kona, nikakata madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, kwa msumeno. Nikajaza upepo mpaka tairi likalia kama ngoma, maana kwenye lori tulifundishwa tairi gumu halipasuki. Nikaenda kulijaribu kwenye mto wa mchanga, upande wa kwenda Buigiri. Nikaingia kwa kishindo. Sikufika katikati. Nilivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kushuka, mpaka mlango haufunguki, nikatokea dirishani.

Kulikuwa na mama mmoja anachota maji kwenye shimo la mchanga. Akaniangalia, akasema, "Babu, kama unachimba kisima, hapo pakavu. Maji yako huku."

Nikamwambia, "Mama, chota maji yako."

"Nachota, babu. Wewe chimba."

Nikafukua kwa mikono na sufuria yake aliyoniazima, jua likahama. Ndipo nikatoa upepo, tairi moja moja, mpaka yakakaa kama mbuzi aliyeshiba. Gari likatoka polepole, bila kelele. Yule mama hakunisifu, lakini aliona.

Nikarudi kwa Jiwan. Sikumwambia nimekosea, nilimwambia sura ya yale matairi imenichosha. Akaniwekea ya wastani, na springi zile za mwanzo akazirudisha, na ndoano mbili nimefunga kwenye chesisi, mbele na nyuma, na kamba nene. Nimevuka mto ule mara kumi na moja. Juzi nimevuka na chai kikombeni.

Zakaria najua siku hizi ana matairi vipara na anajaza upepo kama nilivyokuwa mimi, na hana wa kumwambia. Siku ya harusi atakuwepo na pikapu yake nyuma ya msafara, na atanasa. Zamani niliapa nitampita nipige honi. Nimeacha hilo. Nikimwacha ataondoka na hasira, na hasira humstarehesha mtu. Nitashuka na suti yangu, nitafunga kamba taratibu watu wote wakiangalia, na nitamvuta hadi ng'ambo. Kisha kila akiniona maisha yake yote itabidi aseme asante. Wewe usimwambie habari ya upepo. Ukimwambia nitajua.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo Daudi, mwambie asinunue suruali mpya, nimemwekea moja. Nisalimie shangazi yetu Mariamu, nitamletea ugoro wa mjini. Rehema mwambie mjomba wake ameosha siti kwa sabuni mara tatu, harufu ya kuku imekwisha kabisa, karibu yote. Zakaria usimsalimie.

Neno la mwisho. Rehema atakaa kwenye gari langu, siti ya mbele. Mrudishie Zakaria ahadi yake wiki hii, kwa mdomo wako, na useme sababu. Ukinikatalia sitagombana na wewe, wewe ndiye uliyebaki. Ila korongo lile lina njia moja ya kuvukia, na kingo zake zimesimama kama ukuta. Nitaingia alfajiri, nitasimama katikati, nitazima gari na funguo nitaweka mfukoni. Hapo harusi itanisubiri mimi.

Ni kaka yako mkubwa,
Petro