Bakuli la Tatu la Loshoro

Shikamoo mjomba,

Huku Arusha baridi inang'ata masikio, ila leo nimefika pale unapotuhubiria kila siku: mwenye raha ni yule asiyetamani kitu.

Mwenyeji wangu hapa Kimandolu, Mama Neema, alinipa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Nikalimaliza bakuli lote kwa adabu, kama ulivyotufundisha. Kumbe hapa bakuli tupu maana yake bado una njaa! Akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena.

"Unatamani nini kingine, mwanangu?"

"Sitamani kitu, mama," nikasema, nimeshika tumbo, jasho linanitoka na baridi yote hii.

Nilimdanganya, mjomba. Nilitamani uwepo pale mezani, unicheke.

Ubaki salama, na utafute falsafa nyingine. Hii yako bila wewe haina raha.

Mpwa wako,
Salma