Kamera Isiyo na Mlio

S.L.P. 318,
Homa Bay.
14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Walter,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko Doha? Joto limepungua au bado mnaokwa? Sisi hatujambo, ila nyanya yetu Dani Milka anakohoa, na macho yamezidi kufifia. Siku hizi anatutambua kwa sauti. Akikosea jina, anasema ni sisi tumebadilika.

Omera, ndugu yangu, uliponipigia ulisema unakuja likizo Desemba na utaniletea kamera moja, nichague mwenyewe: mpya ya aina ileile yangu, au hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Naandika barua kwa sababu kwenye simu nabadilisha mawazo kabla sijamaliza kusema.

Yangu inakufa, hilo halina mjadala. Kwenye arusi moja Mbita ilikwama bwana arusi akiwa ameshika pete, nikajifanya napangusa lenzi. Ndiyo inayotulisha mimi na Dani, kwa hivyo usidhani napiga domo tu. Nikichagua vibaya, nitaumia miaka.

Levis, mpiga picha jirani wa duka langu, ana hiyo isiyo na kioo, akaniazima niijaribu. Ni nyepesi, na ukichungulia unaona picha jinsi itakavyotoka kabla hujaipiga. Lakini inakula betri kama mgeni aliyewekewa samaki, na ukienda visiwani stima ni bahati. Tena lenzi zangu haziingii mpaka nitafute kiunganishi. Sijui nishike lipi.

Nikaenda nayo kwa matanga Kosele. Unajua kwetu: MC anaita wakwe, wanapanga mstari kando ya jeneza, wanabana pumzi mpaka wasikie "kacha!" Sasa Levis alikuwa ameizima sauti kwa ajili ya kanisani, nami sikujua kuirudisha. Nimepiga, nimemaliza, wakwe bado wamesimama kama nguzo.

Mama mmoja akafoka, "Wewe msichana, si upige! Tunachoka!"

Nikamwambia nimeshapiga.

"Umepiga na nini? Hatujasikia kitu!"

Ikabidi nirudie huku nikisema "kacha" kwa mdomo wangu. Aibu niliyoiona! Nikaapa kwamba nitachagua ya zamani tu.

Halafu Jumapili iliyopita Dani akataka nimpige picha ya kuwekwa juu ya jeneza lake. Sikupenda kusikia hivyo, lakini utamkatalia vipi? Unazijua picha zake: zote amekaza uso kama chifu. Nilikuwa bado na kamera ya Levis. Dani akakaza uso, akangoja mlio. Akangoja wee. Mwishowe akauliza, "Kwani kamera imekufa mbele yangu?" na akaangua kicheko. Nikakinasa chote, Walter, hata mapengo. Tangu nizaliwe sijaona picha ya Dani akicheka. Nililia.

Kwa kuwa haoni, nikamweleza ilivyo. Akakataa katakata.

"Hiyo usiweke kwa jeneza. Watu watasema nimefurahi kuwaacha."

Basi nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Wateja wangu wengi ni wa matanga, na wa matanga wanataka mlio. Levis anasema sauti inaweza kurudishwa, lakini niliposikia ni kama panya anatafuna kitu. Akili inaniambia ya zamani. Hata hivyo niletee isiyo na kioo, na usinishangae. Wakwe nitawapigia "kacha" kwa mdomo.

Nisalimie wifi Irine na watoto. Irine mwambie dagaa wake wa omena nimewaanika, atawakuta. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Jambo la mwisho: hata ukipata mtu anayekuja mapema, usimpe hiyo kamera. Dani kila asubuhi ananidai picha yake ya jeneza, ya kukaza uso. Nimemwambia itangoja kamera yako ifike Desemba, na amekubali kungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukusumbua,
Roseline