Picha Niliyoifuta Irente

Jumapili jioni, Lushoto. Ni mwezi wa saba, baridi inauma vidole, ukungu haujaondoka tangu asubuhi na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Nimerudi kutoka Mponde saa moja iliyopita na sijavua hata koti.

Wiki nzima nimekuwa nikiandika makala mliyoniomba, nyie mnaopanga kupanda huku Usambara na kamera zenu. Mnauliza mbebe nini na mwache nini. Nilikuwa nimeshafika katikati. Nimeshawaambia mpande gari la asubuhi pale Mombo na msile sana kabla ya zile kona. Nimewaambia betri huku zinaisha haraka kwa baridi, zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ukitoka nje kwenye baridi, usiifungue kamera mara tu unapoingia kwenye nyumba yenye moto. Iache kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itajaa unyevu. Na ile stendi nzito ya miguu mitatu iacheni nyumbani. Mimi natumia mfuko mdogo wa kitambaa nilioushona mwenyewe, nimeujaza maharage. Nauweka juu ya jiwe, kamera juu yake, na njaa ikizidi nayapika.

Kisha nikafika kwenye suala la kadi, ile ya kamera inayohifadhi picha, nikakwama.

Nilitaka kuandika "beba kadi mbili" halafu niendelee na viatu. Lakini najua kwa nini ninasema mbili, na leo sina nguvu ya kujifanya mtaalamu. Kwa hiyo makala itasubiri. Leo naandika hili.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilikwenda Mponde kwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Yeye na mama mkubwa walikuwa na shamba la chai nyuma ya nyumba, mteremko mkali ambao mtu wa tambarare angeupanda kwa magoti. Nilikuwa na kamera mpya kwangu, ingawa ilishapita mikononi mwa watu, na kichwa kilichojaa video za mtandaoni. Humo nilijifunza kwamba picha nzuri ni ile ambayo mtu hajui kama anapigwa. Asitazame kamera, asijipange. Basi nikazunguka nao siku nzima nikipiga migongo, mikono inayochuma, kikapu, na kisogo cha baba mkubwa kikiwa na ukungu mbele yake.

Wenyewe walikuwa na picha yao kichwani. Kazi ilipoisha wakaingia ndani, wakaoga. Mama mkubwa akatoka na kitenge cha kwenda kanisani. Baba mkubwa akatoka na koti lake, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Wakatoa viti viwili vya sebuleni, wakaviweka uani mbele ya ukuta, wakakaa. Miguu sambamba, nyuso zimekazwa, macho kwenye lenzi. Kwa wazee wa huku picha ndiyo hiyo: mtu mzima, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, anakutazama nawe unamtazama. Ukiwaonyesha picha isiyo na miguu wanakuuliza umeikatia wapi.

Nilicheka moyoni. Niseme ukweli, niliwadharau. Nikaamua kupiga moja tu, kuwaridhisha.

Kabla sijabonyeza, baba mkubwa akauchukua mkono wa mama mkubwa, akauweka juu ya goti lake, akaufunika kwa wake. Sijawahi kumwona akimshika mkewe mkono mbele ya watu, na sidhani kama watoto wao waliwahi kuona. Mama mkubwa aliendelea kutazama mbele vilevile, ila kidevu kilimpanda kidogo. Nikapiga.

"Hiyo uisafishe kubwa," akaniambia baba mkubwa. "Ya kuweka ukutani."

Jumapili iliyofuata nilikuwa Irente, juu ya jabali, nikisubiri ukungu ufunguke. Picha za Mponde zilikuwa bado kwenye kadi kwa sababu ya uvivu mtupu. Kompyuta ninayo, waya ninao. Ukungu ukafunguka ghafla, tambarare yote ikaonekana kule chini, mashamba ya katani na barabara kuu. Na kamera ikaniandikia kwamba kadi imejaa.

Sikuwa na nyingine. Nikaanza kufuta haraka haraka, vidole vimekufa ganzi. Picha za migongo na mikono nikazibakiza, maana ndizo nilizoziona za kisanaa. Nikafika kwenye ile ya viti viwili. Nikaitazama kidogo, nikaona wazee waliokakamaa mbele ya ukuta.

Nikaifuta.

Picha za ukungu wa siku ile ninazo thelathini na kitu. Zote zinafanana.

Baba mkubwa alinipigia simu mara mbili kuuliza picha yao imefikia wapi. Mara ya kwanza nilimwambia iko kwenye kompyuta, naitengeneza. Mara ya pili nilimwambia karatasi nzuri imeadimika. Alisema, "Haya mwanangu, hatuna haraka." Nilikuwa na mpango, msidhani sikuwa nao. Ningekwenda siku moja, nijifanye nataka nyingine iliyo bora zaidi, wakae tena. Lakini ninashinda dukani, nauza mbegu na dawa za mboga siku sita, na ile moja inayobaki nilikwenda kwenye maporomoko, nikaenda msitu wa Magamba kutafuta vinyonga, nikarudi Irente tena na tena. Mponde ni kupita Soni na Bumbuli tu. Miezi saba mizima sikupata siku ya kwenda kupiga picha moja.

Mwezi wa tano baba mkubwa akaugua kifua. Hakumaliza hata wiki.

Msibani walihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nilifungua picha zangu zote kwenye kompyuta, nikazipitia moja moja. Mia mbili na zaidi, na hakuna hata moja yenye uso wake. Ikabidi wakuze ile ndogo ya kitambulisho cha kupigia kura, akatokea wa kijivu, macho yamemtoka, kama mtu aliyefanya kosa. Watu walipita mbele yake wakitoa heshima za mwisho, na mimi, mpiga picha wa ukoo, nilisimama nyuma kabisa.

Baada ya mazishi ndipo nilipoipeleka kadi kwa fundi wa kompyuta. Akaniuliza kama baada ya kufuta niliendelea kuitumia. Nilikuwa nimeijaza na kuifuta zaidi ya mara kumi. Akanirudishia bila hata kuijaribu. Kwa hiyo shikeni hili hata kama hamtashika lingine: ukifuta kwa bahati mbaya, itoe kadi hapo hapo, usipige hata picha moja juu yake. Ila mimi sikufuta kwa bahati mbaya.

Leo baada ya ibada nilikwenda Mponde. Nilikwenda kusema ukweli. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Nilimkuta mama mkubwa amekaa jikoni karibu na moto, bado ana kitenge cha kanisani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanimiminia chai. Sikumaliza hata kikombe, akauliza mwenyewe.

"Ile yetu ya vitini umekuja nayo?"

Nikasema, "Mama mkubwa, kadi iliharibika. Mashine imeikataa."

Sijui ilitoka wapi. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa na neno "mimi" ndani yake, na nilipofungua mdomo nikaitupia mashine lawama.

Akanishika bega. "Pole sana, Upendo mwanangu. Najua unavyozipenda picha zako. Usilie." Kumbe nilikuwa nalia. Mjane alikuwa ananibembeleza mimi, na akanikatia na kipande cha boga nile na chai.

Nilipotaka kuaga akasema nisubiri. Akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akarudi akatoka na cha pili. Nikamsaidia kuviweka pale pale uani, mbele ya ukuta. Akakaa kwenye kile cha kushoto, akavuta kitenge mpaka kwenye kifundo cha mguu, akanitazama.

"Nipige. Pale Bumbuli kuna kijana wa studio, anaunganisha watu vizuri tu. Alimuunganisha marehemu wa jirani na wajukuu zake, hutajua. Mashine yako ikipona mtamtoa baba yako mle, mtamweka hapa."

Kisha akaunyoosha mkono wake, akauweka kwenye ukingo wa kile kiti kitupu, kiganja chini.

"Mkono nauacha hivi," akasema. "Ili waone pa kuuweka wa kwake."

Nikapiga. Nilipiga kichwa mpaka viatu, sikukata kitu.

Picha hiyo ninayo hapa mbele yangu. Nimeshaihamishia kwenye kompyuta na nakala nyingine nimeiweka kwenye simu, sasa ndiyo nimekuwa hodari. Mama mkubwa ametulia, kidevu juu, na mkono wake umelala juu ya kiti ambacho hakuna mtu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga na siwezi kuiangalia kwa muda mrefu.

Anadhani mumewe yuko ndani ya mashine, anasubiri ipone. Atakuwa anauliza kila nitakapokwenda, na nisipokwenda atamuuliza mtu mwingine. Kila wiki nitakayokaa kimya, ataendelea kumsubiri mtu ambaye nilimtoa mimi, kwa kidole changu, nikiwa na akili zangu timamu, ili nipate nafasi ya ukungu.

Nimeshampigia tajiri wangu, nimemwomba ruhusa ya kesho. Nitapanda gari la kwanza. Sitapanga maneno njiani safari hii, maana yaliyopangwa yananikimbia. Nitampa shikamoo, na kabla hajanimiminia chai nitamwambia: mama mkubwa, haikuharibika. Niliifuta.