Ng'ombe wa Mahari Wanarudishwa Nami Sijapewa Talaka

Mpendwa mshauri, Mama Bertilla, shikamoo. Naomba msaada, ingawa nimechoka hata kueleza. Mimi ni Mfipa wa Laela, mume wangu Shija ni Msukuma mfugaji, tulioana kimila akaleta ng'ombe kwa baba, tukashuka bondeni Milepa tukaanza na jembe la mkono mpaka tukapata maksai, mashamba na nyumba ya bati, sasa ameoa mwingine na mimi kanifukuza, nilipotaja mali akacheka, "Ulikuja na kanga, ondoka na kanga." Wakili simwezi, nikaenda mwenyewe mahakama ya mwanzo, karani akanirudisha, "Mama, anzia baraza la kata," nami sikwenda, niliogopa watanilazimisha nirudiane naye. Sasa kaka yangu Modesti, ninayekaa kwake na aliyeachiwa zizi baba alipofariki, anasema hataki aibu, atamrudishia Shija ng'ombe wake wa mahari yaishe, na Shija amekubali mara moja, anasema wakifika kwake hatudaiani. Jumamosi wanaswagwa. Niache wapelekwe nipumzike, au niendelee kuhangaika peke yangu?

Leonia, Laela

Marahaba, Leonia, na pole. Umechoka kweli, na uchovu huo ndio Shija anaoutegemea. Hukujiuliza kwa nini mtu aliyekucheka amekubali haraka hivyo? Anataka amwambie hakimu kwamba mlishamalizana kimila. Talaka inatolewa na mahakama, si na ng'ombe, na jasho lako la Milepa halifutwi kwa kurudisha mahari. Mwambie Modesti, "Kaka, funga zizi." Akinuna, anune.

Baraza ulikosea kulikimbia. Hakuna wa kukuburuta hadi kwa mume. Eleza kama ulivyonieleza mimi. Msipopatana, au Shija asipotokea, utapewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Hiyo ndiyo karani aliyokutuma ukaichukue. Ukiipata fungua shauri, uombe talaka na mgawanyo wa mali kwa pamoja. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani itakuelekeza kwa msaidizi wa kisheria, halipwi. Unaweza kukosa wakili, usikose mashahidi: mlete jirani aliyekuona umeshika plau, si shoga aliyekusikia ukilalamika. Hakimu akikuuliza shamba, jibu shamba. Habari za mke mwenza ziache nje.

Ukikubali kupumzika sasa, utapumzikia jikoni kwa wifi yako maisha yako yote, ukiomba chumvi. Jumatatu asubuhi uwe barazani, umechoka hivyo hivyo.