Mlango wa Banda la Tumbaku

Dada yangu Rahel,

Barua hii isome mwenyewe, tafadhali. Usimpe shemeji akusomee.

Tangu nisikie kwamba unakuja kiangazi hiki, sina amani. Kila lori linalotokea upande wa Rodezia likipunguza mwendo hapa Mpemba, natoka nje kutazama. Majirani wameona nimepaka kuta udongo mweupe, wanasema, "Eliza anamngoja dada yake." Ni kweli nakungoja, lakini nakungoja kama mtu aliyeitwa kwenye baraza la chifu na bado hajajua atahukumiwa nini.

Nakumbuka tulivyokaa kwenye benchi moja pale shambani kwa mzungu, tukisokota sigara zake. Alikuwa amewahi kuishi kisiwa kimoja cha mbali kiitwacho Kuba, na alitaka zile zile za huko, nene, za majani matupu bila karatasi. Wewe ulikuwa umeolewa karibuni, mimi bado niko kwa mama. Ulikuwa ukikunja majani ya ndani taratibu, kisha unazungushia lile la nje, laini kama ngozi ya sikio, na kubandika ncha kwa tone la uji. Bwana, yule mzungu, alizibonyeza sigara zako, akaziweka kwenye sanduku la peke yake. Zangu zilivimba katikati. Siku moja ulichukua moja, ukacheka mpaka machozi yakakutoka. "Mdogo wangu, hii ni ya kuvuta watu wawili!"

Halafu ukaja ule mwaka mvua ilipokataa kukatika. Majani yalianza kuota ukungu kwenye banda la kukaushia, Bwana akaagiza mkaa uwashwe kwenye mashimo ya sakafuni. Unaijua siku ninayoisema. Mchana ule ulikuwa juu kwenye miti ya kutundikia majani, karibu na paa, ukigeuza majani. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Kamba moja ikakatika, fungu zima la tumbaku kavu likaangukia makaa.

Ulianza kukohoa. Ukasema, "Eliza, shika ngazi, nashuka." Nikaiacha ngazi, nikakimbia.

Haya yanayofuata hujawahi kuyasikia.

Nilipotoka nje, nyapara Yoramu alikuwa anakuja mbio na ndoo ya maji. Akaniuliza, "Wametoka wote?" Nikamjibu, "Wote." Akasema, "Basi funga mlango, upepo usichochee moto!" Nikafunga. Mimi, kwa mikono yangu hii, nikapitisha komeo, nikijua uko ndani.

Kwa nini nilisema "wote"? Miaka yote nimejiuliza. Nadhani niliona aibu kusema kwamba nimekuacha, na neno likanitoka kabla sijalipima. Kisha ukaanza kugonga. Ukaniita jina. Nilisimama hatua mbili kutoka mlangoni, na sikunyoosha mkono. Yoramu ndiye aliyesikia, akanisukuma pembeni, akang'oa komeo, akaingia kwenye ule moshi. Alikukuta umeanguka, mkono wa kushoto uko kwenye makaa. Alikubeba begani mpaka kwenye lori la shamba, na lori likakupeleka misheni ya Mbozi.

Ulipozinduka kule misheni, mkono umefungwa kitambaa, uliniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani alifunga mlango?"

Nikasema, "Nyapara."

Ukafumba macho. Nikashukuru kwamba umefumba macho.

Shemeji aliposikia alichukua panga, akaenda kumtafuta. Wazee walimzuia njiani, lakini tangu siku ile hakuna aliyemsikiliza Yoramu wala kumpa salamu. Akahama na mkewe na watoto, vyombo kichwani. Walipita mbele ya nyumba ya mama nikiwa nje natwanga. Alinitazama, akashika njia yake. Niliendelea kutwanga.

Vidole vyako vilipona vikiwa vimeshikana, hukuweza kusokota tena. Shemeji akapata kazi kwenye machimbo ya shaba ya Rodezia, mkavuka mpaka. Nilikusindikiza mpaka Tunduma. Nililia sana, nawe ukadhani nalia kwa ajili ya kuachana. Ukanifuta machozi kwa mkono ule ule.

Sasa Yoramu amerudi. Ni mzee, anakaa hapa kwa binti yake. Jumapili tulikutana nje ya kanisa.

"Dada yako mzima?" akaniuliza.

"Mzima. Anakuja."

"Na mkono?"

Hapo nikashindwa kuficha. Nikamwambia mbele ya watu, "Baba, nilisema uongo. Mlango nilifunga mimi, na nilijua yumo."

Hakushtuka. Alisema, "Mimi nilikuwepo, mwanangu. Nilikuuliza na ukanijibu. Asiyejua ni yeye. Mwambie."

Basi nimekwambia. Naogopa utaisoma hii na kugeuza safari. Naogopa zaidi kwamba ungekuja bila kuisoma, ukalala nyumbani kwangu na kunibarikia watoto. Nitampa dereva anayevuka asubuhi hii, kabla sijaichana kama nilivyochana zile nyingine.

Ukija, nitakuwa Tunduma, pale abiria wanaposhukia. Sitakukimbilia. Nitasimama mahali utakaponiona, na nitangoja uniite jina. Usiponiita, Yoramu na binti yake watakupokea mzigo wako, wameshakubali, na kwao kuna kitanda. Mimi nitarudi Mpemba kwa miguu.

Mungu akulinde njiani, dada.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Eliza