Mrija wa Baba Yako

Rongai, 7 Desemba 1953

Mpenzi Jerop,

Mahindi yameingia ghalani, nami nakuwaza wewe na masomo yako ya uuguzi huko Nakuru.

Jana kwenye posa yetu, baba yako alinipa mrija ninywe pombe chunguni pamoja na wazee. Nilikataa. Unajua nilivyomwahidi yule mtawa wa Kibuda aliyeniuguza vitani Burma: nisilewe, nisidanganye.

“Mkwe gani wewe, hunywi nami?” aliuliza. Kisha akaninong'oneza, “Sema unaumwa tumbo, kijana, tumalize.”

“Siumwi, mzee.”

Wazee walicheka, yeye hakucheka. Posa imesimama hadi Jumapili ijayo. Ataniuliza tena, nami nitajibu hivyo hivyo. Kama bado unanitaka nilivyo, mwandikie kabla ya siku hiyo.

Wako akupendaye,
Kiptanui